Vichupa Visipendane

Walikutana wakigombea barafu, na aliyeshinda alikuwa mwanamke.

Ilikuwa saa sita mchana, jua la utosi, mbele ya dirisha la kiwanda cha barafu ambako foleni ilikuwa imejikunja mara tatu uani. Wauza samaki walikuwa pale na makapu yao, wauza soda na matoroli yao, mpishi wa hotelini mwenye kofia nyeupe iliyolegea kwa jasho, na mama mmoja aliyekuwa anamwozesha mwanawe jioni ile, ambaye alimsimulia kila mtu habari za harusi hiyo apende asipende. Mashine moja ilikuwa imeharibika. Muuzaji akatoa kichwa dirishani, akatangaza kwamba limebaki gunia moja, wengine warudi saa tisa.

Gunia likawekwa kaunta. Mikono miwili ikalishika kwa pamoja.

Mmoja ulikuwa wa mwanaume mrefu, mwembamba, shati la kaki limekosa kifungo cha pili, buti zimejaa vumbi jekundu hadi kwenye kamba. Wa pili ulikuwa wa mwanamke mfupi aliyesahau kuvua koti jeupe la kazini, na chini ya koti hilo gauni la manjano lililomkaa vizuri kiasi kwamba yule mpishi alikwishampisha kwenye foleni bila kuombwa.

"Dada, mimi nimetangulia," alisema mwanaume.

"Umetangulia wapi? Uko nyuma yangu unanipumulia shingoni tangu saa tano."

"Nina dharura."

"Hakuna anayepanga foleni ya barafu kwa starehe, kaka yangu."

Mwanamke akamweleza kwamba friza la maabara limekufa asubuhi na kuna kazi ya miaka miwili inayotaka kuyeyuka. Mwanaume akamweleza kwamba yeye ni daktari wa wanyama pori, dereva wake ameugua, imebidi alete mzigo mwenyewe. Hapo miguuni ana boksi lenye damu ya mbwa mwitu kumi na wanne, limesafiri tangu alfajiri, na likipata joto saa moja zaidi halifai hata kumwagwa. Mwanamke akatazama chini. Lilikuwa boksi la buluu lenye mshipi mweusi. Alikuwa analifungua kila Alhamisi kwa miezi minane.

"Basi nipe boksi na barafu," alisema. "Vyote vinakuja kwangu."

Uso wa daktari ukafunguka. "Kumbe ni wewe? Basi nikwambie, hawa ni wa kundi la—"

"Nyamaza."

"Nimekukosea nini?"

"Bado hujanikosea. Ukimaliza hiyo sentensi utakuwa umenikosea. Mimi ndiye ninayezisoma damu hizo."

Mwanaume akafunga mdomo papo hapo. Akalibeba gunia begani, akamfuata yule mwanamke barabarani huku maji ya baridi yakimchuruzika mgongoni, na hawakusemeshana neno mpaka mlango wa maabara. Pale mwanaume alimwomba namba ya simu. Hakumuuliza jina, kwa sababu alikuwa ameshaandika "Barafu". Yeye akamwandika "Vumbi". Majina hayo yakawaganda, nasi tutawaita hivyo hivyo.

Lazima tuseme kidogo kuhusu kazi yao, maana bila hiyo mapenzi yao hayaeleweki.

Mbwa mwitu wamebaki wachache. Wana adui asiyeonekana: homa inayotoka kwa mbwa wa majumbani. Ikiingia kwenye kundi, haichukui muda kundi likaisha, wakubwa kwa wadogo. Kulikuwa na chanjo, lakini hakuna aliyekuwa na hakika kama inashika kwa mnyama wa porini. Basi nusu ya makundi yakachomwa chanjo, nusu yakachomwa maji ya chumvi, ili walinganishwe. Vumbi na wenzake porini walijua nani amechomwa nini. Barafu, mjini, hakutakiwa kujua. Kwake kila mnyama alikuwa namba kwenye kizibo cha kichupa, basi.

Kazi yake ilikuwa ya macho. Alikuwa na sahani za plastiki zenye vishimo vidogo, na chini ya kila kishimo alikuwa ameotesha mkeka wa chembe hai, mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Alitia kirusi cha ile homa pamoja na tone la damu ya mbwa, damu safi kishimo cha kwanza, iliyotiwa maji kidogo kishimo cha pili, zaidi cha tatu, hivyo hivyo mpaka cha mwisho ambako damu ilikuwa karibu maji matupu. Baada ya siku tano aliinama kwenye hadubini. Damu ikiwa na kinga, mkeka ulikuwa mzima. Ikiwa haina, mkeka ulichanika matundu matundu. Aliandika ni kishimo cha ngapi mkeka ulikoma kuwa mzima. Vingi vilikuwa wazi. Lakini kila mstari ulikuwa na kishimo kimoja cha mashaka, nusu kizima nusu kimechanika, na hapo aliamua kwa jicho lake. Alikuwa amefanya kazi hiyo miaka tisa. Hakuna aliyewahi kumsahihisha.

Na hajawahi kuizoea. Mnyama alikuwa amekimbia kwenye nyasi mbali huko, amelala, ameamka, na tone moja la damu yake limekuja mjini kwenye boksi la buluu kuendelea kupigana ndani ya kishimo cha plastiki. Kila alipoona mkeka umeshikilia, alinyoosha mgongo, akaandika namba.

Vumbi alikuja mjini kila mwisho wa mwezi kuleta ripoti. Mara ya pili alikuja amepiga pasi shati, lakini lilikuwa lile lile lisilo na kifungo. Mara ya tatu Barafu alimchukua hadi nyumbani, vyumba viwili juu ya duka la vioo, ambako mama yake alikuwa fundi cherehani. Mama hakumsalimu mara mbili. Alimwambia avue shati, akalishonea kifungo, akamrudishia, ndipo akamuuliza kazi anafanya nini.

Vumbi alimtazama Barafu, akajibu kwamba mvua mwaka huu zimechelewa.

"Mwanaume gani huyu," alisema mama baada ya Vumbi kuondoka, "unamuuliza kazi anakujibu mvua?"

Lakini ndivyo walivyokubaliana. Hata kabla mambo hayajafika mbali, walikwenda wote wawili kwa Bibi Namba, mtaalamu wa takwimu, mtu mzima mwenye sauti ndogo na kabati moja la chuma. Humo ndani ndimo ilimofungiwa orodha ya namba na wanyama wake. Walisimama mbele ya meza yake kama watoto waliovunja sahani, wakamwambia. Bibi Namba akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya kitenge.

"Pendaneni, sina neno," alisema. "Vichupa visipendane. Siku mtakayoongea habari za kichupa kimoja, kazi ya watu kumi na saba inakwenda kwenye pipa. Na hao mbwa watangoja miaka mingine sita, kama watakuwepo."

Basi wakapendana bila kugusa kazi. Wapenzi wengine hukosa la kusema. Hawa walikuwa na moja tu wasiloruhusiwa, na ndilo lililowajaa kinywani. Wakaongea mengine yote. Barafu alijua kwamba Vumbi anaogopa daktari wa meno, kwamba dada yake mkubwa bado humpigia simu kumuuliza kama amekula, kwamba anaimba vibaya na analijua hilo. Vumbi alijua kwamba Barafu aliwahi kuchumbiwa akakataa kwa sababu mchumba alimwambia aache kazi yenye harufu ya dawa. Simu zao zilikuwa za alfajiri, kabla Vumbi hajaondoka kambini, maana mtandao ulipatikana juu ya paa la gari tu, saa kumi na moja na nusu hadi jua litoke.

"Umeamka, Barafu wangu?"

"Nimeamka. Ninachemsha maji. Wewe uko paani tena?"

"Niko paani kama paka."

"Ukianguka, usinipigie."

"Nikianguka nitakuwa sina mtandao, mpenzi."

Si kila siku simu ilishika. Siku nyingine Barafu alipiga mara tano akasikia tu sauti ya yule mama wa kampuni akimwambia namba haipatikani.

Alfajiri moja Vumbi alinyamaza katikati ya utani. Akanong'ona, "Usiseme kitu. Sikiliza." Akainyoosha simu hewani. Barafu alisimama jikoni na birika mkononi. Kwanza palikuwa na upepo. Halafu ikaja sauti asiyoitegemea kwa mbwa, wala si kubweka: mwito mpole, wa duara, kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa tupu. Ukajibiwa na mwingine mbali. Na mwingine. Walikuwa wametawanyika gizani na walikuwa wanaitana wajikusanye. Maji yalichemka yakamwagika juu ya jiko, hakusogea. Mama yake akatoka chumbani kuuliza kinachonguruma, akakuta binti yake analia, akazima jiko, akarudi kulala bila kuuliza.

Nyota ya kwanza ilikuja mwezi wa nne wa mapenzi yao.

Ilikuwa ya penseli, ndogo kama mdudu, kwenye kona ya lebo ya kichupa. Barafu aliutambua mkono wa Vumbi. Akatabasamu peke yake kama mwehu, akafuta tabasamu, akaendelea na kazi. Boksi la wiki iliyofuata lilikuwa na nyota saba. Lililofuata, hamna. Hakuuliza, kwa sababu nyota ilikuwa juu ya kichupa, na habari za vichupa hazikuulizwa. Lakini alianza kuzitafuta. Alhamisi alifika maabara mapema, amejipaka wanja, kwenda kufungua boksi.

Jumamosi moja alikuwa nyumbani anapitia daftari lake la masomo yote aliyoyasoma kwenye sahani. Kitu kikamchoma. Akachukua pini za mama yake na kipande cha kitambaa cheupe. Kwa kila kichupa akachomeka pini: kinga ndogo chini, kinga kubwa juu. Vya kawaida pini nyeupe. Vya nyota pini nyekundu.

Mama yake akaja nyuma yake na mkasi. "Umenimalizia pini zangu. Unashona nini?"

"Sishoni, mama. Nahesabu."

"Hizo nyekundu mbona zimekimbilia juu zote?"

Barafu akaweka pini chini. Mama hakuwahi kukanyaga maabara, na ameona kwa mtazamo mmoja. Nyekundu hazikuwa juu zote, lakini zilikuwa zimepanda, na maana yake ilikuwa moja tu aliyoweza kuiwaza: Vumbi alikuwa anatia alama wanyama waliochanjwa. Labda kwa utani. Labda kwa furaha, kwa kuona wale wake wanaendelea vizuri. Kwa vyovyote, alikuwa anamnong'oneza majibu ya mtihani.

Alimweleza mama yake yote. Mama akakaa kwenye kiti cha cherehani.

"Nani anajua?"

"Mimi."

"Basi mmoja anatosha. Mwanangu, una miaka thelathini na minne. Yule kijana amekaa kwenye kiti kile, amekula, amesema asante, akanyanyua sahani yake mwenyewe akaiosha. Unajua ni wangapi wanaonyanyua sahani?"

"Mama, kama ni hivyo, kila nilichosoma tangu nyota zianze ni uongo. Watachoma mbwa wote chanjo isiyoshika, wakidhani inashika, kwa sababu mimi nimesema. Na ile homa ikija itawakuta vilevile."

"Muulize basi, kabla hujamchongea."

"Nikimuuliza atanijibu. Akinijibu, nimejua. Nikishajua, siwezi kusoma tena hata kimoja."

Mama alianza kuchomoa pini moja moja, nyekundu kwanza. "Kazi gani hii," alisema mwishowe, "inayomkataza mtu kumuuliza mchumba wake swali."

Jumatatu Barafu aliandika barua ya mistari sita. Hakuandika kwamba anampenda aliyemtaja, maana Bibi Namba alilijua hilo. Akaipeleka kwa mkono wake na kuiweka mezani. Bibi Namba aliisoma mara mbili, akafungua kabati la chuma, akatazama kitu ndani bila kukitoa, akalifunga. Akasema tu kwamba Vumbi ataitwa mjini na kusimamishwa kazi mpaka jambo lifahamike, na kwamba Barafu aendelee kuja kazini.

Alfajiri iliyofuata Barafu alimpigia Vumbi. Simu ililia mpaka ikakatika. Kesho yake ikawa imezimwa.

Sasa hapa ndipo ungemwonea huruma, kama una moyo. Kwa kila kichupa, nusu ya damu ilikuwa imehifadhiwa kwenye friza la pili. Bibi Namba aliagiza zote zitolewe, zipewe namba mpya, zichapwe lebo mpya kwa mashine, zichanganywe, kisha zisomwe upya, mara moja na Barafu na mara moja na mwenzake wa maabara, kijana mpole mwenye miwani minene, kila mmoja bila kuona ya mwenzake. Wiki tano. Vichupa vile vipya vilikuwa vyote sawa, vyeupe, havina nyota wala mkono wa mtu. Barafu aliinama juu ya hadubini asubuhi mpaka jioni akiwa na macho yaliyovimba, na mikeka ilikuwa pale pale, mingine mizima, mingine imechanika, haijali nani ameachwa na nani. Jambo hilo lilimshangaza, kisha likamtuliza. Tone la damu halikuwa na habari naye. Lilikuwa na kazi yake.

Mama alipomuuliza, alisema haumwi. Mama alimshonea gauni jipya, la buluu iliyokoza, hakumwambia la nini.

Siku ya kufungua orodha walikuwa watu watano chumbani, na Barafu alivaa lile gauni la buluu kwa sababu lilikuwa limepigwa pasi na kuwekwa kitandani kwake. Vumbi hakuwemo. Bibi Namba akasimama na karatasi zake.

Kwa sauti ile ile ndogo akasema kwamba chanjo inashika. Masomo mapya ya kijana wa miwani na ya Barafu yamekubaliana, na kwa yote mawili makundi yaliyochanjwa yamesimama mbali na ya maji ya chumvi, hakuna ubishi. Kinga ilikuwa imekaa kwenye damu zaidi ya mwaka. Yale makundi mengine yatachanjwa kabla ya mvua. Hakuna aliyepiga makofi. Mkuu wa mradi, mwanaume mkavu kama kuni, alitoa leso akajifuta macho bila kuona haya. Barafu alishika ukingo wa meza. Alisikia ule mwito wa alfajiri masikioni mwake, mmoja, mwingine, mwingine.

"Sasa nyota," alisema Bibi Namba.

Mkuu akarudisha leso mfukoni.

"Nimelinganisha. Nusu ya vichupa vya nyota ni vya waliochanjwa. Nusu ni vya maji ya chumvi. Daktari wetu hakutia alama chanjo. Alitia alama tarehe."

"Tarehe zipi?" aliuliza mkuu.

"Aliniandikia maelezo siku nilipomwita. Siku ambazo simu ya alfajiri ilishika." Bibi Namba hakutabasamu. "Vichupa vyote vya siku hiyo vilipata nyota. Ni ujinga, na nimemwambia hivyo."

Barafu alifungua mdomo. "Lakini zilikuwa juu. Nilizihesabu. Vya nyota vilikuwa na kinga zaidi."

"Kwenye daftari lako la kwanza, ndiyo. Kosa lipo. Ila halipo ulikolitafuta." Akamsogezea karatasi. "Hivi ni vichupa vile vile, damu ile ile. Ulivyovisoma vikiwa na nyota, na ulivyovisoma bila nyota. Visivyo na nyota, masomo yako mawili ni sawa kama mapacha. Vya nyota, mara ya kwanza umevisoma juu zaidi. Karibu vyote. Kwa kishimo kimoja."

Barafu aliangalia zile safu mbili. Vishimo vya mashaka. Nusu kizima, nusu kimechanika, na jicho lake la miaka tisa, jicho lisilosahihishwa, lilikuwa limeona nyota, likainamia upande wa uhai. Hakuna aliyemdanganya. Alikuwa amependa, na mapenzi yalikuwa yameingia kwenye hesabu kimya kimya, yakasogeza kila kitu hatua moja, sawasawa, bila kukosea, kama mashine.

Damu ilimpanda usoni. Kijana wa miwani alitazama dari kwa heshima.

"Kwa nini hukuniambia wiki zote hizi?" aliuliza Barafu.

"Ningekuambia nyota ni zako, jicho lako lisingekuwa jicho tena. Ndiyo maana nilimkataza asikupigie wala asipokee." Bibi Namba akakusanya karatasi. "Nimefanya takwimu miaka thelathini. Nimeona mapenzi yakiharibu nyumba, yakiharibu shule. Sijawahi kuyaona yakipimwa. Nitaiweka hii karatasi." Akaenda mlangoni, akageuka. "Ungenyamaza na barua yako, namba zote zingekuwa na doa na nisingejua limetoka wapi. Ulijichongea mwenyewe, binti yangu, na umeokoa kazi. Kuna mtu kwenye korido. Amerudishwa kazini jana. Mwambie aache kuchorachora."

Vumbi alikuwa amesimama karibu na ubao wa matangazo, amevaa shati jipya na zile buti. Alikuwa amekonda. Waliangaliana kama watu wawili wanaongoja nani aanze kuomba radhi.

"Ungeniuliza," alisema Vumbi.

"Ningekuuliza, ungenijibu."

Akafikiri. "Ningekujibu."

"Ndiyo hivyo."

Vumbi akamwambia kwamba iliuma. Alisema bila kupamba: wiki tano amepanga vifaa stoo, watu wakimpita kama aliyeiba, na hakuwa na mtu wa kumwambia isipokuwa dada yake, ambaye alimuuliza kama amekula. Siku aliyopigiwa alikuwa ameishika simu mkononi. Aliitazama mpaka ikanyamaza, halafu akaizima, kwa kuwa aliogopa kesho asingeweza tena. Barafu alisikiliza yote. Hakujitetea. Akasema kwamba angeandika barua ile ile tena kesho kama ingebidi, na kwamba anaomba msamaha kwa kila siku ya hizo wiki tano, na kwamba hayo mawili anayasema kwa pamoja na hajui mtu anayaunganishaje.

"Bibi Namba alisema sauti yangu tu ingetosha kukuharibu," alisema Vumbi.

"Sauti yako haina nguvu kiasi hicho."

"Nimesikia vingine. Mlango ulikuwa wazi. Nimesikia ina nguvu ya kishimo kimoja."

Barafu alijaribu kukasirika, akacheka mpaka akaegemea ukuta. Alipomaliza kucheka alikuwa ameshikwa mkono.

Akampeleka maabara. Daktari huyu alikuwa amechoma sindano mamia ya wanyama, na hajawahi kuona mwisho wa safari ya damu yao. Barafu akaweka sahani chini ya hadubini, akarekebisha kioo, akamsogezea kiti. Vumbi akainama. Alikaa vile muda mrefu sana. Mbele ya macho yake ulikuwa umetandaliwa ule mkeka, chembe kwa chembe, kila moja na kiini chake, zimeshikana mabega, zinang'aa ukingoni, hai.

"Hivi ndivyo kinga ilivyo?" alisema, kwa sauti ya mtu aliyeingia mahali pa kuvua viatu.

"Hivyo ndivyo. Kirusi kimo humo humo. Kimeshindwa kupita."

"Ni damu ya nani?"

Barafu akaangalia lebo, akaangalia orodha ambayo sasa ilikuwa wazi juu ya meza. Kwa mara ya kwanza tangu foleni ya barafu, hakuna aliyekatazwa kitu. Akamsomea namba ya porini.

Vumbi akainua kichwa. "Huyo? Huyo ni jike mwenye sikio la kushoto lililopasuka. Huyo, Barafu, wakienda mawindoni yeye hurudi wa kwanza. Hajazaa mwenyewe. Anarudi kuwalisha watoto wa dada yake." Akainama tena kwenye hadubini, kana kwamba angemwona. Bila kuinua uso akasema, "Nataka tuoane. Najua huwezi kunisoma sawasawa, nimesikia."

"Kila nikikutazama naongeza kimoja. Kuna karatasi."

"Usisahihishe."

"Sitasahihisha," alisema Barafu. "Ndiyo. Sasa niambie, hao watoto wa dada yake walikuwa wangapi?"

Walikuwa tisa. Akamwambia wa kwanza mpaka wa tisa. Akamwambia walivyopiga kura kwa kupiga chafya kabla ya kwenda mawindoni, na mzee mmoja mwenye mguu mbovu ambaye kundi lilimngoja kila mto. Barafu alichukua vichupa kimoja kimoja, akisoma namba, na kila namba ilisimama ikawa na masikio na madoa na tabia. Miezi tisa ya maneno yaliyozuiwa ilikuwa inamwagika. Mlinzi alipita mara mbili akitikisa funguo, akaona nyuso zao, akaenda kufunga upande wa pili kwanza.

Simu ya Barafu ililia. Alikuwa mama, anataka kujua kama yule kijana amekuja, na kama gauni limefanya kazi.

"Amekuja, mama. Ananihadithia habari za mbwa."

"Mbwa? Na habari za ndoa je?"

"Hizo zimekwisha, mama. Zilichukua dakika moja. Sasa tuko kwa mbwa."

Akakata simu, akavuta kiti chake karibu na cha Vumbi, akashika kichupa kinachofuata.

"Huyu," alisema. "Huyu ni nani?"